Mashine ya kupima elementi: kwanza uulize itakula nini

LUBUMBASHI – Siku mashine mpya inapofika kwenye chuo kikuu, watu wengi hukusanyika. Kuna hotuba, kuna picha, kuna mkubwa anayekata utepe. Siku mashine hiyo inapozimika, hakuna anayeitwa. Inafunikwa kwa kitambaa, mlango wa chumba unafungwa, na wanafunzi wanaanza tena kutafuta mtu anayesafiri Ulaya ili awabebee vichupa vya udongo ndani ya sanduku lake.

Habari hii ni ya mama mmoja mwalimu wa kemia kunako chuo kimoja cha eneo la shaba, kusini mwa Katanga. Kwa cheo yeye ni CT, mkuu wa kazi za maabara, ile ngazi iliyo kati ya asistanti na profesa, na wanafunzi wanamwita Mama CT. Chuo chake kilipata nafasi isiyokuja mara nyingi: mshirika wa ng'ambo alikubali kununua kifaa kimoja cha kupima elementi, kitumiwe pamoja na watu wa kemia, wa jiolojia na wa kilimo. Fomu ilikuwa na kurasa sita. Kwenye ukurasa wa pili palikuwa na mstari mmoja mtupu, wa kuandika jina la kifaa. Yeye ndiye aliyepewa kalamu, na alipewa wiki tatu.

Itafahamika kwamba kupima elementi si jambo la watu wa chuo peke yao. Ni kuuliza jiwe, udongo, maji au mkojo wa mtu: ndani yako mna shaba kiasi gani, kobalti kiasi gani, risasi kiasi gani? Karibu 70% ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Congo, na karibu yote hutoka majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga. Lakini mara nyingi jibu la swali hilo la kiasi gani linashikwa na mtu mwingine.

Kwenye madepo ya upande wa Kolwezi, mchimbaji wa mikono, kreseri, anafika na mifuko yake. Mnunuzi anatoa kifaa chenye umbo la bastola, ambacho watu wote wanakiita Metorex, anakigusisha kwenye jiwe, na baada ya sekunde chache anataja asilimia. Bei inafuata asilimia hiyo. Kreseri hana Metorex yake. Akiona kwamba asilimia imepunguzwa, hana pa kwenda kuuliza. Kijana mmoja aliwahi kupanda gari hadi chuoni na mawe matatu ndani ya mfuko wa plastiki, akaulizia mlango wa kemia.

– Mama, unipimie tu, nijue, alisema.

Mama CT alilazimika kumwambia kwamba chuo hakina cha kupimia. Kijana hakukasirika. Alicheka kidogo, akauliza tena kama hapa kweli ndipo wanapofundisha mambo ya madini, kisha akarudi na mawe yake.

Jambo hilo la mchimbaji mmoja ndilo jambo la nchi nzima. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inatoza kampuni ada kufuatana na thamani ya madini yanayouzwa: 3,5% kwa shaba, na 10% kwa kobalti tangu ilipotajwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa mwaka huo. Robo ya ada hiyo ni ya jimbo, na 15% ni ya mitaa na sekta ambamo mgodi uko. Shule na zahanati za mahali zinatazamia sehemu hiyo. Lakini thamani inatokana na uzito wa mzigo na kiwango cha metali ndani yake. Anayeshika kipimo ndiye anayeanza hesabu; wengine wanapokea jumla.

Tena kuna upande wa afya. Mwaka 2009 kitengo cha sumu cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na chuo cha Leuven cha Ubelgiji, walitangaza utafiti juu ya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Walioishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikutwa na kobalti nyingi sana, kiasi ambacho watafiti walisema ni cha juu kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa kwa wakaaji wa kawaida, wasio wafanyakazi wa kiwanda. Mwaka 2018 ukatoka utafiti mwingine, juu ya mtaa wa Kasulo kule Kolwezi, ambako watu walikuwa wakichimba kobalti chini ya nyumba zao. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti mwilini kupita watoto wa mahali pasipochimbwa. Kazi hizo zilifanywa na Wacongomani na wenzao wa Ubelgiji, na zinatajwa dunia nzima. Ila mashine iliyosoma mkojo huo haikuwa Katanga. Ilikuwa Ubelgiji.

Mama CT anazijua kazi hizo vizuri na anawafundisha wanafunzi wake kuzisoma. Yeye mwenyewe ametuma sampuli Ulaya mara nyingi. Anajua kwamba kuna ruhusa ya kutafuta kabla kichupa kimoja cha udongo hakijatoka nchini, kwamba mwenzake wa kule naye ana foleni yake, na kwamba mwanafunzi anaweza kukaa mwaka mzima akingoja karatasi moja ya tarakimu. Maabara za biashara zipo hapa mjini, lakini bei zake zimepangwa kwa kampuni za madini. Mwanafunzi mwenye sampuli 200 akipewa hesabu yake anarudisha kazi kwa mwalimu na kuomba abadilishiwe mada.

Ndiyo maana siku ya kwanza aliandika kwenye ule mstari, bila kufikiri sana, herufi ambazo amezitamani tangu alipokuwa mwanafunzi: ICP-MS. Ndiyo mashine iliyosoma mkojo wa Kasulo. Sampuli inayeyushwa kwa asidi, inageuzwa ukungu, inapulizwa ndani ya plazma ya argoni yenye joto la maelfu ya digrii, na atomi zake zinahesabiwa kufuatana na uzito wao. Kwa dakika chache inataja makumi ya elementi, hata zile ambazo ni sehemu moja ndani ya sehemu bilioni. Mashine mpya ya namna hiyo hupita dola laki moja, lakini safari hii fedha zilikuwepo.

Kisha akaenda kumwonyesha mzee wa maabara.

Mzee huyo hana digrii. Aliingia chuoni wakati nchi ingali inaitwa Zaire, akaanza kwa kuosha vyombo, na leo hakuna bomba wala waya wa jengo lile asiojua unakotokea. Alivaa miwani, akaisoma karatasi yote, akairudisha.

– Mama, hii mashini itakuwa inakula nini?

– Argoni, papa.

– Kwa siku inakula ngapi?

Mama CT hakuwa amepiga hesabu hiyo. Walikaa wakaipiga pamoja. Plazma inakunywa lita 15 hivi za argoni kila dakika. Chupa kubwa ya chuma ya lita 50, ikijazwa kwa mgandamizo wa bari 200, inatoa kama lita 10.000 za gesi. Ukigawanya, chupa moja inaisha kwa masaa 11, na ndani ya masaa hayo umo muda wa kuipasha mashine moto kabla haijasoma chochote. Kwa wiki moja ya kazi ni chupa nne hivi. Ajabu ni kwamba argoni imo katika hewa tunayovuta, karibu sehemu moja kwa mia, lakini kuitenga kunahitaji kiwanda kikubwa. Walimpigia simu muuzaji mmoja wa gesi mjini. Alijibu kwamba argoni safi ya maabara anaiagiza kutoka kusini, inaingia kwa lori kupitia Kasumbalesa, na kwamba chupa tupu zinapaswa kurudi kwanza ndipo zilizojaa ziletwe. Kwa hiyo ukitaka kufanya kazi bila kusimama, lazima uwe na chupa mara mbili: nyingine zinatumika, nyingine ziko njiani.

Mzee hakusema mashine isinunuliwe. Alifungua kabati, akatoa daftari la zamani lenye jalada la kijani. Humo aliandika maisha ya spektrometa moja ya miali ya moto ambayo chuo kilipewa zawadi miaka mingi iliyopita. Hiyo nayo ni mashine nzuri: inachoma sampuli ndani ya moto wa asetilini na hewa, wa digrii kama 2.300, na kupima mwanga ambao elementi inaumeza. Inasoma elementi moja moja, na kila elementi ina taa yake. Daftari linasema ilifanya kazi miezi 14. Mwezi wa 9 taa ya kobalti ilikufa, ya kuiagiza haikupatikana. Mwezi wa 11 kijana pekee aliyepelekwa ng'ambo kujifunza mashine hiyo alichukuliwa na kampuni, kwa mshahara ambao chuo hakiwezi hata kuutaja. Mwezi wa 14 umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, na kibao kimoja cha ndani kikaungua. Baada ya hapo kurasa za daftari ni nyeupe.

Hilo si jambo la chuo kimoja wala la jana. Kinshasa, mwaka 1959, chuo kikuu cha Lovanium kiliwasha kinu cha nyuklia TRICO I, cha kwanza barani Afrika, katika nchi ambayo urani yake ya Shinkolobwe ilikuwa imeingia kwenye mabomu ya Marekani ya mwaka 1945. Mwaka 1972 kikafuata TRICO II. Kinu cha namna hiyo ni chombo cha kupimia elementi pia: sampuli inapigwa na nyutroni, kisha miale inayotoka inaeleza ndani mna nini. TRICO II hakifanyi kazi tangu 2004. Watu wenye elimu walikuwepo, na jengo lipo hadi leo. Chombo kikubwa kinahitaji kulishwa kila mwaka, hata miaka ambayo hakuna mgeni wa kuja kukitazama.

Wiki ya pili walikutana wote. Profesa wa jiolojia alikuja na orodha yake. Yeye alitaka mashine ya miale ya X, ndugu mkubwa wa Metorex, ile inayowekwa mezani. Hoja yake ilikuwa na nguvu.

– Mama CT, wanafunzi wangu wana mawe 400. Wewe unataka yayeyushwe kwa asidi, moja baada ya jingine, siku mbili mbili. Mimi nataka yasagwe, yakandamizwe kama kidonge, yasomwe wiki hii hii. Hakuna argoni, hakuna asidi, hakuna mtoto wa mtu wa kuunguzwa mkono.

Neno la asidi lilimgusa. Mawe mengi ya silika hayayeyuki bila asidi ya hidrofloriki, na asidi hiyo haichezewi: inapenya ngozi bila kuuma sana mwanzoni, halafu inakwenda kushika kalsiamu ya mwili. Maabara inayoitumia lazima iwe na kabati la kuvuta moshi linalofanya kazi kweli, na dawa yake karibu. La chuo kile lina feni iliyosimama.

Lakini Mama CT alikuwa na swali moja.

– Prof, yule kijana wako wa Manono anatafuta nini kwenye mawe yake?

– Lithiamu.

Profesa alinyamaza, kwa sababu alijua jibu kabla halijasemwa. Mashine ya miale ya X haiioni lithiamu. Atomi yake ni nyepesi mno, na miale inayotoa ni dhaifu hata haifiki kwenye jicho la mashine. Manono, jimboni Tanganyika, kuna moja ya akiba kubwa za lithiamu duniani, dunia nzima inaitafuta kwa ajili ya betri, na mashine aliyoiomba ingetazama mawe ya kule na kutaja mengine yote isipokuwa hiyo.

Mwenzao wa kilimo alitaka kitu kingine kabisa: mashine ya kupima kaboni na nitrojeni ndani ya udongo. Inachoma miligramu chache za udongo ndani ya kikombe kidogo cha bati, kwenye joto la digrii 900 na zaidi, na kupima gesi zinazotoka. Bila kaboni huwezi kusema kama udongo wa shamba umechoka au una uhai. Ila mashine hiyo kwa kawaida inabebewa gesi zake na heliamu, ambayo ni ghali na ngumu kupatikana kuliko argoni. Ndani yake pia mna bomba lililojaa shaba safi, la kusafisha gesi, ambalo linachoka na kubadilishwa mara kwa mara. Mzee alicheka sana aliposikia kwamba shaba hiyo inaagizwa Ulaya ndani ya vichupa vidogo, kwa bei ya dawa. Malori yanapita mbele ya geti la chuo usiku na mchana yakiwa yamebeba shaba, na maabara ingeagiza gramu 100 kutoka ng'ambo.

Mkutano ule ulikaribia kuharibika. Kila mmoja alikuwa na haki, na mstari ulikuwa mmoja. Aliyeokoa mazungumzo ni mzee, ambaye alikuwa ameitwa tu aeleze habari za umeme. Aliomba waache majina ya mashine kwa muda. Kila mtu aandike vitu viwili: anataka kupima nini kila wiki, na hapa Katanga kuna nini cha kulisha mashine kila wiki. Orodha ya kwanza ilikuwa ndefu. Ya pili ilikuwa fupi: hewa, maji ya kusafishwa, umeme wa masaa kadhaa kwa siku, asidi ya nitriki inayopatikana mjini, na vijana wenye akili.

Ndipo Mama CT alipotaja mashine ambayo hakuna aliyekuwa ameiomba. Tangu mwaka 2011 zinauzwa spektrometa ambazo plazma yake haitengenezwi kwa argoni bali kwa nitrojeni, na nitrojeni hiyo inatengwa na kifaa kidogo kutoka hewa ya chumbani. Plazma inashikwa na mawimbi kama yale ya tanuri ya mikrowevu. Joto lake, kama digrii 5.000, ni chini kuliko la argoni, lakini inasoma shaba, kobalti, manganizi, zinki, kalsiamu, na lithiamu inaisoma vizuri sana. Argoni inatumika kidogo tu, ya kuwashia, na chupa moja inakaa muda mrefu. Chakula chake kikubwa ni hewa na umeme.

Profesa wa jiolojia alikubali, kwa shingo upande, akisema kwamba mawe yake 400 yatazeeka. Wa kilimo alikubali kuendelea kupima kaboni kwa njia ya Walkley na Black ya mwaka 1934, kwa dikromati na bureti, njia ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuijifunza kwa siku mbili. Kila mmoja aliacha kitu.

Aliyeacha zaidi ni Mama CT mwenyewe. Mashine ya nitrojeni inasoma udongo, majani ya mboga, mahindi, samaki wa mto na maji machafu ya mgodi. Haisomi mkojo wa mtoto kwa usahihi unaotakiwa. Risasi kwenye maji ya kunywa, ambayo Shirika la Afya Duniani linataka isizidi mikrogramu 10 kwa lita, ingekuwa kwenye ukingo wa kile inachoweza kukiona. Maswali ya afya, yale yaliyomfanya aipende kazi hii, yangeendelea kupanda ndege. Usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi alimwambia mzee kwamba anaona kama amewauza watoto wa Kasulo kwa sababu ya chupa za gesi. Mzee alimjibu kwa upole.

– Hapana, mwanangu. Ile kubwa ingewapima mwaka mmoja. Halafu ingewaacha, na hii ndogo usingekuwa nayo.

Hakuwa na uhakika kwamba mzee yuko sawa, na hadi leo hana. Lakini alifuta herufi za kwanza akaandika nyingine.

Kisha akafanya jambo ambalo mshirika hakulitazamia. Mashine aliyoichagua ilikuwa ya bei ndogo kuliko ile kubwa, naye hakurudisha tofauti. Fedha zilizobaki alizipangia kazi: kidhibiti cha umeme na betri za kumwezesha mtu kuizima mashine polepole umeme unapokatika, kompresa ya akiba, vipuri vya miaka mitatu, yaani mirija ya pampu, kipuliza ukungu na bomba la plazma, mashine ya kusafisha maji, feni mpya ya kabati la moshi, udongo wa kulinganishia wenye cheti, ambao kiasi cha metali zake kinajulikana, ili kila siku ya kazi ianze kwa kuuliza mashine swali ambalo jibu lake liko kwenye karatasi. Na mafunzo ya watu wawili, si mmoja, pamoja na mzee kama wa tatu, afunzwe hapa hapa juu ya mashine yenyewe.

Mshirika aliandika kuuliza: kwa nini mnaomba kifaa kidogo wakati fedha za kikubwa zipo? Mama CT alijibu kwa barua ya ukurasa mmoja. Aliweka ndani yake hesabu ya argoni na nakala ya ukurasa wa mwisho wa lile daftari la kijani. Hakuongeza maneno mengi. Jibu lilirudi baada ya mwezi: ombi limekubaliwa, kwa sharti moja. Chuo kitie sahihi kwamba sehemu ya fedha za maabara zinazolipwa na wanafunzi itaingia kwenye mfuko wa mashine, na mfuko huo usiguswe kwa kazi nyingine. Sahihi hiyo ilichukua muda kuliko fomu yote. Ilipatikana.

Wakati sanduku linasubiriwa, kazi imeanza bila mashine. Zamani, pamoja na sampuli za udongo, wanafunzi walituma Ulaya kichupa kimoja kisicho na udongo, asidi na maji tu, ili kuhakikisha usafi. Jibu lilirudi kwamba kichupa kitupu nacho kina shaba. Vumbi la kiangazi, lile jekundu linaloingia kila mahali, lilikuwa limetangulia kuingia. Mashine yoyote, kubwa au ndogo, ingeisoma shaba ile ya dirishani na kuiandika kwa jina la shamba la mtu. Kwa hiyo madirisha ya chumba yamezibwa, viatu vinaachwa mlangoni, na vyombo vinalowekwa ndani ya asidi hafifu usiku kucha kabla ya kutumiwa. Wanafunzi wananung'unika. Mzee anawakagua.

Wapo wakaaji na walimu wa vyuo vingine, kutoka Bukavu hadi Kisangani, ambao siku moja watapewa fomu ya namna hii. Yale waliyojifunza watu hawa watatu na mzee wao yanaweza kusemwa kwa maswali machache. Mashine itakula nini kila wiki, na chakula hicho kinatoka wapi? Umeme ukikatika katikati ya kazi, itapata hasara gani? Aliyefunzwa akiondoka, nani anabaki? Kitu gani kitakufa kwanza ndani yake, na kinauzwa wapi? Fedha za mwaka wa nne ziko kwa nani? Mwenye majibu aandike jina la kifaa. Asiye nayo ayatafute kwanza, hata kama wiki tatu zinapita, kwa maana mshirika anayetoa fedha anaweza kungoja barua moja zaidi, lakini mwanafunzi hawezi kungoja mashine iliyofunikwa kitambaa.

Jambo moja halijaamuliwa bado. Kwenye ukurasa wa mwisho wa fomu Mama CT aliandika kwamba siku moja kila mwezi mashine itafunguliwa kwa watu wa nje ya chuo: mwenye kisima, mama wa bustani ya mboga, kreseri mwenye mawe yake. Profesa anataka bei iwe karibu na ile ya mjini, ili mfuko wa mashine usikauke. Mama CT anataka bei ambayo mchimbaji anaweza kuilipa bila kuuza mfuko mmoja. Wote wawili wanazungumzia mfuko ule ule, mmoja ukiwa wa fedha na mwingine wa mawe. Watakutana tena Ijumaa, na mzee ameombwa aje na daftari lake.